MAISHA YA CHRISTIAN KONRAD SPRENGEL, MKUBWA WA SHULE ALIYEULIZA MAUA



Katika ukurasa huu wa gazeti letu tunazoea kueleza maisha ya mtu aliyekufa zamani lakini kazi yake ingali hai. Mara hii hatukuchagua mfalme wala mkubwa wa jeshi. Tumechagua mwalimu. Tena alikuwa mkubwa wa shule, sawa prefe wetu, na shule yake ilikuwa ya Waprotestanti. Jina lake ni Christian Konrad Sprengel. Wale wanaosoma biolojia wamekwisha kulisikia ao watalisikia. Sisi wengine tumekula matunda mara nyingi bila kujua siri ambayo mtu huyu aliifunua.

Kwanza tuulize jambo moja. Ukitoka inje usiku, ukapita karibu na mpapai dume wenye maua, utasikia harufu tamu. Pita tena pale pale saa sita ya mchana, harufu imepunguka sana. Shamba la mahindi nalo likitoa maua, hausikii harufu ya kutajika. Na kuna maua mengine yananuka sawa nyama iliyooza. Juu ya nini? Harufu ya ua ni ya nani? Wengi wetu tunazani ni ya kutufurahisha sisi watu. Sprengel alijibu ya kwamba sivyo, na jibu hilo lilimpotezea kazi yake.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Sprengel alizaliwa tarehe 22 Septemba 1750 katika mji wa Brandenburg, kando ya mto Havel, katika inchi ya Prusia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiluteri. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na Christian alikuwa wa mwisho. Alipokua alitumwa Halle kusoma teolojia, kwa maana wakati ule njia za mtoto wa mchungaji zilikuwa mbili: ao kanisa ao shule. Yeye akashika shule. Tangu mwaka 1774 alifundisha mjini Berlin, na katika 1780 akawekwa kuwa mkubwa wa shule ya Kiluteri ya Spandau. Siku zile Spandau ulikuwa mji mdogo peke yake. Leo umekwisha kumezwa na Berlin.

Alikuwa mtu wa kazi, lakini hakuwa mtu wa kuzungumza na kila mtu. Hakuoa. Saa zote alikuwa na mabuku. Mwishowe macho yakaanza kumsumbua, na mwili ukachoka. Mganga wake, Ernst Ludwig Heim, alikuwa mpenda mimea. Alimshauri aache kujifungia ndani, atoke inje, atembee porini na kutazama majani na maua. Ile ilikuwa dawa tu. Mganga hakujua ya kama dawa ile itakuwa kubwa kuliko ugonjwa.

UNYOYA MDOGO NDANI YA UA

Katika mwaka 1787 Sprengel alikuwa akitazama ua dogo la porini, la jamii ya geranium. Chini kabisa, mahali majani ya ua yanaposhikana, aliona manyoya membamba na laini sana. Mtu mwingine angepita. Yeye alisimama. Aliamini ya kwamba Muumba hakuweka hata unyoya mmoja bila sababu, kwa hiyo lazima manyoya yale yawe na kazi. Akatazama, akarudi, akatazama tena, mpaka akafahamu. Chini ya manyoya kuna matone ya maji matamu, yale tunayoita nektari. Mvua ikinyesha, manyoya yanazuia maji ya mvua yasichanganyike na ule utamu. Yeye mwenyewe aliyafananisha na nyusi za mtu, ambazo zinazuia jasho lisiingie machoni.

Vizuri. Lakini utamu ule unalindwa juu ya nani? Ua lenyewe halinywi. Mwaka uliofuata, kwenye ua lingine dogo la rangi ya samawati, aliona duara ya njano inayozunguka mlango wa ua. Akafikiri: hii ni alama ya njia. Inamwonyesha mgeni mahali chakula kilipo. Na mgeni huyo ni mdudu.

Hapa tukumbushe somo la kalasi kwa wale waliosahau. Ua lina sehemu ya kiume, ambayo inatoa unga, na sehemu ya kike, ambayo inapokea unga ili mbegu zipate kufanyika. Unga hauna miguu. Mtu wa zamani zile akiona nyuki ndani ya ua alizani ni mwizi tu, ao mgeni asiye na maana. Ni kweli, Mjerumani mwingine, Kölreuter, alikuwa ameandika tangu 1761 ya kwamba wadudu wanabeba unga. Lakini Sprengel ndiye aliyeonyesha ya kama ua zima, toka rangi mpaka unyoya, limepangwa juu ya mbebaji huyo.

Katika 1790 aliona jambo la ajabu zaidi. Kuna ua ambalo sehemu yake ya kiume inakomaa kwanza na kumaliza unga wake, kisha sehemu ya kike inafunguka nyuma. Basi ua hilo haliwezi kujizalisha lenyewe hata likitaka. Lazima unga utoke kwa ua lingine, na mdudu ndiye anayeuleta. Sprengel akaandika kwamba ni kama vile maumbile hayapendi ua lizalishwe kwa unga wake lenyewe. Lakini juu ya nini hayapendi, hakuweza kusema.

HARUFU INA SAA YAKE

Sasa tufike kwenye harufu. Sprengel hakukaa ofisini na maua makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, sawa wenye elimu wengi wa wakati ule walivyofanya. Alikaa chini porini, penye jua na penye upepo, akingoja kuona nani anakuja. Alikwenda mchana, akaenda na jioni. Na alitambua mambo matatu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyashika.

La kwanza: kuna maua ya mchana na maua ya usiku. Ua la mchana linaweza kumwita mdudu kwa rangi, tena linaweza kuwa na alama na mistari ya kumwonyesha njia. Ua la usiku, mistari ingelifaa nini gizani? Kwa hiyo maua ya usiku mara nyingi ni makubwa, meupe ao ya rangi hafifu, hayana mistari, na yanatoa harufu kali wakati jua limeshuka. Harufu ndiyo taa yao.

La pili: kuna maua ambayo hayangoji mdudu, yanangoja upepo. Majani ya porini ni hivyo, na miti mingi ya Ulaya, na mahindi yetu pia. Hayo hayana rangi ya kupendeza, hayana nektari, hayana harufu ya kuita, lakini unga wao ni mwingi sana na mwepesi. Upepo hauna pua, basi kuuita kwa harufu ni kazi bure.

La tatu: harufu si lazima iwe nzuri kwa pua yetu. Kusini mwa Afrika liko ua linaloitwa stapelia, lenye manyoya na rangi ya nyama iliyoharibika, na linanuka vibaya sana. Nzi anayetafuta mzoga anakuja mbio. Anadanganyika, anataga mayai yake bure, lakini anapotoka amebeba unga. Kwa nzi ile harufu ni mwaliko.

Mambo hayo matatu yanatupa jibu la ulizo letu la kwanza. Ua halitoi harufu kwa kila mtu. Linatoa kwa yule anayebeba unga wake, kwa saa anayotembea, katika mahali wanapokutana.

BUKU NA HASARA

Kazi hii ilichukua miaka. Alichunguza mimea ya aina 461, akachora picha zaidi ya elfu moja, zikachapwa kwenye kurasa 25 za picha. Buku likatoka Berlin katika mwaka 1793, likieleza kwa jina lake lenyewe ya kwamba siri ya maumbile katika kujengwa na kuzalishwa kwa maua imefunuliwa. Sprengel alikuwa na miaka 43. Alitumaini wenye elimu watafurahi.

Hawakufurahi. Wengi hawakulisoma. Wengine waliona aibu hata kusikia ya kwamba ua, alama ya usafi, ni mahali pa kiume na kike. Mshairi mkubwa Goethe, ambaye naye alipenda mimea, hakukubali wazo kwamba maumbile yanapanga mambo sawa vile mtu anavyopanga kazi yake.

Na shuleni moto ulikuwa umewaka. Wakubwa wa kanisa waliosimamia shule ya Spandau walikuwa wanagombana naye tangu zamani. Walisema anaacha kazi ya shule juu ya majani ya porini. Inasimuliwa hata ibada ya Siku ya Mungu ilimpita akiwa inje na maua yake. Katika 1794, mwaka mmoja tu baada ya buku kutoka, akaondolewa katika kazi ya ukubwa wa shule, akapewa pensheni ndogo.

Ndugu wasomaji, hapa tusiharakishe kumsifu ao kumhukumu. Ni vyepesi leo kusema wakubwa wale walikuwa wajinga. Lakini tufikiri pia juu ya watoto wa Spandau. Mzazi amelipa, mtoto amekaa kwenye benchi, na mwalimu yuko porini anangoja nyuki. Ingekuwa hapa kwetu, wazazi wangefika ofisini kesho yake. Kwa upande mwingine, bila saa zile za porini tungechelewa miaka mingi kujua jambo ambalo kila mkulima anahitaji. Mambo yote mawili ni kweli, na Sprengel alilipa deni la yote mawili.

MIAKA YA MWISHO

Alihamia Berlin, akaishi peke yake kwa maisha ya kujibana. Alifundisha lugha na mimea kwa watu waliotaka, na siku za Yenga aliongoza watu inje ya mji kuwaonyesha maua. Wale waliotembea naye walipata mwalimu mzuri: alijua kila jani, na hakuchoka kueleza. Tunaweza kusema ya kuwa ile kalasi aliyokosa ndani ya nyumba aliipata inje.

Alikuwa na mpango wa kuandika kitabu cha pili juu ya maua. Hakikutoka hata siku moja. Lakini katika 1811 alitoa kijitabu juu ya faida ya nyuki. Ndani yake aliwaambia watawala ya kwamba kazi kubwa ya nyuki si asali wala nta, bali ni kuzalisha mimea ya mashamba na miti ya matunda. Akashauri inchi iwe na nyuki wake wa kudumu, sawa inavyokuwa na jeshi la kudumu. Hawakumsikiliza.

Sprengel alikufa Berlin tarehe 7 Aprili 1816, na miaka 65. Kaburi lake halijulikani.

MSOMAJI ALIYEKUJA NYUMA

Miaka 25 ilipita. Katika 1841, Mwingereza Charles Darwin alishauriwa na fundi wa mimea Robert Brown asome lile buku la zamani. Darwin akalisoma, akashangaa. Akatoka bustanini kutazama mwenyewe, akaona Sprengel alisema kweli katika mambo mengi.

Darwin ndiye aliyeleta kipande kilichokosekana. Alipanda mimea kwa miaka 11, mingine akiizalisha kwa unga wao wenyewe, mingine kwa unga wa mmea mwingine, akapima. Katika 1876 akatangaza: watoto waliotokana na unga wa mmea mwingine, kwa kawaida walikuwa warefu zaidi, wenye nguvu zaidi, na wenye mbegu nyingi zaidi. Ile ndiyo sababu ambayo Sprengel alishindwa kuitaja.

Tena Darwin alieleza namna maua yanavyobadilika. Mimea ya aina moja hailingani yote. Huu una harufu kidogo, ule ina harufu nyingi. Ule unaomvuta mbebaji vizuri unapata mbegu nyingi, na watoto wake wanarithi harufu yake. Rudia hivyo kizazi kwa kizazi, na ua linafuata mbebaji wake. Katika 1862 alipata ua jeupe la orkide kutoka Madagaska, lenye mrija wa nektari wa karibu sentimetre 29, na linalotoa harufu usiku. Akasema lazima kuna kipepeo cha usiku chenye ulimi mrefu hivyo. Watu wengine walicheka. Katika 1903 kipepeo hicho cha Madagaska kilipewa jina. Ndugu zake wa karibu wanaishi pia huku bara, hata Kongo.

MAMBO YA SIKU HIZI

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya miaka elfu na elfu, nani aliyaona? Wachunguzi wa Zürich, Uswisi, waliyaona. Matokeo yao yalitoka katika 2017. Walichukua mmea mmoja wa jamii ya shu zetu za bustani, wakaugawa makundi. Kundi moja lilibebewa unga na nyuki wakubwa wenye manyoya peke yao. Kundi lingine lilibebewa na nzi wa maua peke yao. Baada ya vizazi 9 tu, mimea ya nyuki ilikuwa mirefu zaidi na yenye harufu nyingi zaidi. Mimea ya nzi ilikuwa mifupi, harufu yao ndogo, na mingi ilizoea kujizalisha yenyewe, kwa maana nzi si mbebaji wa kutegemewa sawa nyuki.

Mahali nako kunabadilisha mambo. Huko Utah, Marekani, iko tumbaku ya porini inayofungua maua yake usiku, yenye harufu ya kuita vipepeo vya usiku. Lakini kipepeo hicho kinabeba unga na pia kinataga mayai, na viwavi vyake vinakula majani. Wachunguzi walionyesha katika 2010 ya kama mmea ulioliwa sana unaanza kufungua maua asubuhi, unapunguza harufu, na sasa unapokea ndege wadogo wa mchana. Umebadili mgeni.

Na moshi wetu unaharibu. Katika 2024 wachunguzi wa Marekani walionyesha ya kwamba hewa chafu inayotokana na moshi wa magari inavunja harufu ya ua moja la usiku kabla haijafika mbali, na vipepeo vinapungua kwenye ua. Ua limeita, lakini mwito haufiki.

Sasa turudi huku kwetu. Kule Kenya wachunguzi waliona ya kwamba papai linategemea sana vipepeo vya usiku. Basi ile harufu ya usiku siyo ya mlinzi wa internati. Na vanila ya Beni na Mambasa? Mmea ule ulitoka Mexico, na mbebaji wake hakusafiri nao. Ua linafunguka asubuhi, linangoja, hakuna anayekuja, na siku hiyo hiyo linanyauka. Ndiyo sababu mkulima anapita na kijiti chembamba, ua kwa ua. Ufundi huo uligunduliwa katika 1841 na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 hivi, kwenye kisiwa cha Réunion. Mkono wa mtu umekuwa nyuki. Mwenye kufanya kazi hiyo toka asubuhi mpaka mgongo uume, ndiye anayejua thamani ya mdudu anayeifanya bure.

Leo katika bustani ya mimea ya Berlin liko jiwe la ukumbusho wa Sprengel. Sisi hatuwezi kwenda kulitazama, lakini mpapai uko karibu. Tunaomba wanafunzi wawili ao watatu wa kalasi ya tano wakae chini yake jioni moja, kwa ruhusa ya prefe na baada ya etude, bila taa kubwa, waandike nani anakuja na saa gani. Tutaweka jibu lao katika namba ijayo. Lakini etude iishe kwanza. Sprengel mwenyewe angetuambia jambo linalompata mtu anayesahau hilo.